Kura yako Uingereza: jinsi ya kupima vyama na viongozi kabla ya uchaguzi mkuu (mwongozo kamili)

Jamani hii naiandika kwa sababu ya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka kinaniuma. Uchaguzi wa Desemba 2019 nilikuwa nishakaa Uingereza miaka mitatu, nafanya kazi ya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) shifti za usiku, kodi nakatwa kila mwezi, na asubuhi ya siku ya kura nimepita mbele kabisa ya kituo nikaenda zangu kulala, maana nilijua hayo mambo ni ya wenyewe. Kesho yake mama mmoja wa Kighana tuliyekuwa tunafanya naye kazi akaniuliza umempigia nani, nikamwambia mimi si mwananchi, akanishangaa kweli kweli, akasema mwanangu sisi wa Jumuiya ya Madola tunapiga. Nikabisha. Nikaenda kusoma, kumbe kweli.

2024 ndo nikapiga kwa mara ya kwanza, na hapo nikagundua kwamba kujua unaruhusiwa ni nusu tu ya kazi, nusu nyingine ni kupima. Nyumbani nilikua najua chama cha baba na cha mtaa, mtu unazaliwa nacho. Huku hakuna baba, unaletewa vipeperushi mlangoni na sura za watu usiowajua, alafu kwenye TV viongozi wanabishana mambo ambayo nusu yake hayakuhusu. Kwa iyo nikajitengenezea utaratibu wangu, na huu hapa. Sitakwambia umchague nani, iyo ni yako.

Hatua ya 1: Ingia kwenye daftari kwanza

Kama una pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda au Msumbiji, umetimiza miaka 18, unaishi Uingereza na una kibali halali cha kukaa, hata kama ni viza ya mwanafunzi, unaruhusiwa kupiga kura ya uchaguzi mkuu. Ndugu zetu wenye pasipoti ya Kongo, Burundi au Oman hawamo mpaka wachukue uraia, kwa sababu nchi zao hazipo Jumuiya ya Madola.

Unajiandikisha kwenye tovuti ya serikali ya gov.uk, dakika tano tu, uwe na namba yako ya National Insurance (ile ya makato ya bima ya jamii kwenye mshahara). Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya kura, saa sita usiku. Ukihama nyumba unajiandikisha upya, na hapa wengi wetu tunaumia maana tunahama kila mwaka, chumba hiki chumba kile. Kama una shifti ndefu omba kura ya posta, mwisho wake ni siku 11 za kazi kabla, saa kumi na moja jioni. Faida nyingine, jina lako likiwa kwenye daftari hata wanaopima kama unakopesheka wanaliona.

Usisubiri kampeni ianze. Uchaguzi wa 2024 ulitangazwa tarehe 22 Mei na kura ikapigwa 4 Julai, wiki sita tu, mtu ukishangaa shangaa imepita.

Hatua ya 2: Elewa karatasi utakayopewa

Hii ndo hatua ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndo watu wanairuka.

Bongo unapewa karatasi ya rais, ya mbunge na ya diwani. Huku uchaguzi mkuu unapewa karatasi moja, ya mbunge wa jimbo lako, basi. Jina la anayetaka kuwa Waziri Mkuu hulioni kabisa labda uwe unaishi jimboni kwake. Majimbo yako 650, na anayemzidi mwenzake hata kwa kura moja ndo kachukua, hakuna asilimia 50 wala duru ya pili. Chama chenye wabunge wengi kiongozi wake anaenda kwa mfalme kupewa serikali.

Sasa utaratibu huu unaleta mambo ambayo ukiyaona mara ya kwanza unadhani umekosea kusoma. Mwaka 2017 chama cha Labour chini ya Jeremy Corbyn walipata asilimia 40 ya kura, karibu milioni 12.9, wakashindwa na chama cha Conservative. Mwaka 2024 Labour hao hao chini ya Keir Starmer wakapata kama milioni 9.7, asilimia 33.7, wakashinda viti 411. Uchaguzi huo huo chama cha Reform walipata kura zaidi ya milioni 4 wakaambulia viti 5, wakati Liberal Democrats walipata milioni 3.5 wakaondoka na viti 72. Kwa nini? Kwa sababu za Reform zilitapakaa nchi nzima kidogo kidogo, za Liberal Democrats zikarundikana kwenye majimbo waliyoyalenga, hasa kusini mwa Uingereza. Yani kura inahesabiwa kwa ilikoangukia.

Kwa iyo kabla hujaangalia TV, kaa chini tafuta matokeo ya jimbo lako ya uchaguzi uliopita. Weka postikodi yako kwenye tovuti ya Who Can I Vote For, utajua jimbo na wagombea, alafu tafuta matokeo. Andika vitu vitatu: nani alishinda, nani alikuwa wa pili, walipishana kura ngapi. Angalizo, mipaka ya majimbo mengi ilibadilishwa kabla ya 2024, kwa iyo matokeo ya 2019 yanaweza kuwa ya jimbo lenye jina lile lile lakini mitaa tofauti.

Hiyo tofauti ndo itakwambia uko wapi. Hendon, kaskazini mwa London, 2024 Labour walishinda kwa kura 15. Kumi na tano! Poole walishinda kwa 18. Hawa ni watu wa basi moja la asubuhi. Lakini kuna majimbo mengine ni ngome, chama kinashinda kwa maelfu mengi tangu zamani, huko kura yako kazi yake inakuwa nyingine, tutafika.

Na ngome nazo zinavunjika. Leicester East, jimbo la mji wa Leicester ambako Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walihamia kwa wingi, ilikuwa ya Labour miaka na miaka. 2024 wakasimama wabunge wawili wa zamani wa jimbo hilo hilo waliotokea Labour, mmoja kama mgombea binafsi na mwingine na kachama kadogo, kura zikagawanyika, Conservative wakapita katikati wakachukua jimbo, mwaka ambao chama chao kilikuwa kinaanguka nchi nzima. Kwa iyo usiseme jimbo letu linajulikana. Angalia nani amesimama mwaka huu.

Hatua ya 3: Andika mambo yako matatu kabla hawajakuandikia

Hii fanya kwa karatasi na kalamu, sio kichwani. Kampeni ikianza kila chama kinataka ufikirie kile ambacho wao ni wazuri, wengine watakusukuma kwenye hospitali, wengine uhamiaji, wengine kodi, ukiwa huna la kwako utabebwa tu na upepo.

Mimi yangu 2024 yalikuwa haya: viza na haki ya kuleta familia, mshahara wa watu wa kea, na miadi ya daktari maana mwanangu ana pumu. Yako yanaweza kuwa kodi ya nyumba, ada ya chuo, biashara yako ya saluni, vita huko nje, hali ya hewa, chochote. Lakini matatu tu. Ukiandika kumi hujaandika kitu.

Alafu kila jambo jiulize, hili linaamuliwa na nani? Maana hapa tunadanganyana sana. Mashimo barabarani na taka ni halmashauri, wale unawachagua siku nyingine. Ukiwa Scotland au Wales, hospitali na shule ziko chini ya serikali za Edinburgh na Cardiff, kwa iyo mtu akikuahidi atapunguza foleni ya hospitali kwenye uchaguzi mkuu anaongelea England. Ila uhamiaji, ulinzi na kodi kubwa kubwa ni Westminster (bunge na serikali ya London) moja kwa moja. Kwa sisi wenye viza iyo ina maana kwamba hiki ndo chombo kinachoshika maisha yetu, hakuna kingine.

Ngoja nitoe mfano ambao wa kea wote wanaujua. Tarehe 11 Machi 2024, serikali ya Conservative, wafanyakazi wa kea wapya wakazuiwa kuja na wenza na watoto. Mwezi uliofuata kiwango cha kipato cha kumleta mwenza kikapanda mpaka pauni 29,000. Watu wakasema tukipata Labour yatarudi. Labour wakaingia Julai 2024, na Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri watu wa kea wapya kutoka nje. Nawaona watu walioshangaa, lakini aliyesoma ilani ya Labour ya 2024 alikuta imeandikwa wazi kwamba wanataka idadi ya wahamiaji ishuke. Walisema, sisi hatukusoma.

Hatua ya 4: Soma ilani, lakini kwa akili

Ilani zinatoka wiki tatu nne kabla ya kura, 2024 zilitoka katikati ya Juni karibu zote wiki moja. Zipo bure kwenye tovuti za vyama. Usisome zote kama riwaya, fungua, tafuta maneno ya mambo yako matatu, soma kurasa hizo tu, za vyama vile vyenye nafasi jimboni kwako na kingine kimoja unachokipenda.

Angalia kitenzi. "Tutafanya" na "tutaangalia uwezekano wa kufanya" sio ndugu. Angalia kama kuna tarehe, kuna kiasi cha hela, na hela inatoka wapi. Liberal Democrats 2024 waliandika kwamba mtu wa kea alipwe pauni 2 kwa saa zaidi ya kima cha chini, iyo unaweza kuishika mkononi. Ukikuta "tutathamini wahudumu wetu" hujapewa kitu.

Kuhusu hela kuna taasisi inaitwa Institute for Fiscal Studies, wao kazi yao ni kukaa na kupiga hesabu za ilani za vyama vyote bila kupendelea, na ripoti yao inatoka siku chache baada ya ilani. Lugha ni ngumu kiasi ila muhtasari wake unasomeka. 2024 walivilaumu vyama vyote viwili vikubwa kwa kukwepa kusema wazi hali ya hazina ilivyo na watakachopunguza au kuongeza. Na kweli, Labour waliahidi hawatapandisha National Insurance, viwango vya kodi ya mapato wala VAT, alafu kwenye bajeti ya Oktoba 2024 wakapandisha National Insurance ya mwajiri kutoka asilimia 13.8 kwenda 15. Wao wakasema ahadi ilikuwa kwa mfanyakazi sio mwajiri, wapinzani wakasema wamevunja. Mimi naona ilani ilitakiwa iseme hivyo tangu mwanzo, maana waajiri wakibanwa wanakata masaa, na masaa yanayokatwa ni yetu.

Kuna pia kisichoandikwa. Labour walipoondoa hela ya joto la majira ya baridi kwa wastaafu wengi mwaka 2024, kwenye ilani haikuwepo. Mwaka uliofuata wakairudishia kwa wengi wao. Kwa iyo jiulize pia, hawa hela ikiwaishia watamkata nani kwanza?

Hatua ya 5: Pima alichofanya

Kila chama kina deni la nyuma na usikae na la upande mmoja tu.

Conservative waliahidi tangu 2010 kushusha uhamiaji mpaka makumi ya maelfu, wakarudia 2015, wakarudia 2017. Hawakufika hata mara moja, na mwaka 2022 na 2023 idadi (walioingia ukitoa waliotoka) ikapita laki 7 kwa mwaka. Liberal Democrats mwaka 2010 wagombea wao walisaini mbele ya kamera kwamba watapiga kura kupinga ada za vyuo kupanda, wakaingia serikali ya pamoja na Conservative, na Desemba iyo iyo ada ikaruhusiwa kupanda mpaka pauni 9,000. Wapiga kura hawakusahau, 2015 wakashuka kutoka viti 57 mpaka 8.

Vyama ambavyo havijawahi kushika serikali ya nchi, Reform na Greens, usivipe msamaha kwa sababu ya upya. Angalia wabunge na madiwani wao wanapiga kura vipi, na hesabu za ilani zao zimesemwaje na hao hao wapiga hesabu.

Kwa mbunge wako aliyepo nenda TheyWorkForYou, weka postikodi, utaona amepiga kura vipi kwenye mambo gani, ameongea nini bungeni. Mimi nilimkuta wetu anatuma kipeperushi cha kusifia wahudumu wa afya, nikaenda kuangalia kura zake, nikapata jibu langu ndani ya dakika kumi. Na kama ni mgombea mpya, nenda kwenye mdahalo wa wagombea, mara nyingi unafanyika kanisani au ukumbi wa shule, ni bure, unaruhusiwa kuuliza. Mimi niliuliza kuhusu watoto wa watu wa kea. Watu watano walikuwa mbele, wawili wakajibu swali, mmoja akajibu swali lingine kabisa, wawili walikuwa hawajui sheria imebadilika. Sikuhitaji kusoma zaidi.

Hatua ya 6: Kiongozi, sasa ndo umpime

Nimemweka mwisho makusudi. Sio kwamba hana maana, ana maana sana, yeye ndo anateua mawaziri, ndo anaamua siku ya balaa. Lakini ukianza naye macho yako hayaoni kingine.

Kumbuka kwanza kwamba anaweza kuondoka bila wewe kuulizwa. Waliompigia Boris Johnson 2019 walipata mawaziri wakuu watatu kwenye bunge lile lile: Johnson, Liz Truss, Rishi Sunak. Truss alichaguliwa na wanachama kama elfu 81 tu wa chama chake, akakaa siku 49, na bajeti yake ndogo ya Septemba 2022 ikatikisa masoko mpaka riba za mikopo ya nyumba zikaruka juu. Kuna familia ya Kitanzania naijua walikuwa wanamalizia kununua nyumba wiki ile ile, ikabidi waache. Kwa iyo usimpime mtu mmoja, pima na walioko nyuma yake, yule wa hazina, yule wa mambo ya ndani, na nani yuko tayari kurithi.

Mambo ninayomwangalia kiongozi ni haya. Akikosea anafanya nini? Sunak Juni 2024 aliondoka mapema kwenye kumbukumbu za D-Day (siku majeshi yalipotua Ufaransa kwenye Vita vya Pili vya Dunia) kule Normandy akaja kuomba radhi kesho yake, wengi hawakuelewa alifikiria nini. Je, anasema kitu kile kile akiwa kwa matajiri na akiwa kwa wafanyakazi? Je, akiulizwa swali la ndio au hapana anajibu? Midahalo ya TV ipo tangu 2010, itazame, ila zima sauti ya wachambuzi baada ya hapo, kaa kimya dakika tano uandike ulichosikia wewe.

Na hili nalisema kwa upendo kwa sababu limetuumiza. Usimpime mtu kwa asili yake. Baba yake Sunak alizaliwa Nairobi na mama yake Tanganyika, na mwezi Machi 2024 mlango wa familia za kea ulifungwa chini yake. Priti Patel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, wazazi wake walitoka Uganda, na ndiye aliyekwenda Kigali Aprili 2022 kusaini mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda. Unaweza kuunga mkono hizo sera au kuzipinga, ni haki yako, lakini jina la mtu au rangi yake haikwambii atapiga kura gani.

Hatua ya 7: Kura za maoni na kura ya hesabu

Kura za maoni zisome kama unavyoangalia wingu, zinakupa mwelekeo. 1992 zilikosea, 2015 zilikosea, 2024 zilipatia mshindi lakini zikamzidishia pengo kwa mbali. Usiache kupiga kwa sababu gazeti limesema imeisha.

Sasa rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya 2. Kama chama ulichokipenda kipo kwenye wawili wa juu, umemaliza, kipigie. Kama ni cha nne na jimbo lina ushindani mkali, una chaguo mbili za heshima: umpigie unayempenda ili kura yake ionekane imekua, au umpigie yule wa wawili wa juu ambaye unaweza kuishi naye ili yule usiyemtaka asipite. Waingereza wengi wanafanya hiyo ya pili. Mimi naona jimbo la kura 15 lifikirie hivyo, jimbo la ngome piga moyo wako.

Ila chunga vipeperushi vyenye chati ya nguzo iliyoandikwa "hapa ni sisi na wao tu, wengine hawawezi kushinda". Angalia chini kwa maandishi madogo, mara nyingine ni matokeo ya udiwani, au ya Bunge la Ulaya enzi hizo, au nguzo zimechorwa urefu usiolingana na namba. Linganisha na matokeo uliyoyaandika mwenyewe.

Siku yenyewe

Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, kwa kawaida Alhamisi. Tangu 2023 England, Scotland na Wales lazima kitambulisho chenye picha, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa hivyo ulikuwa huo wa 2024. Pasipoti yako ya Tanzania, Kenya au Uganda inakubalika, hata ikiwa imeisha muda, ilimradi sura bado ni yako. Leseni ya Uingereza pia. Huna kabisa? Omba cheti cha bure cha mpiga kura, mwisho siku 6 za kazi kabla, saa kumi na moja jioni. Ukiwa kwenye foleni saa nne ikikukuta ndani ya foleni, unapiga, usikubali kuondoka.

Ndani kuna penseli imefungwa na kamba, unaweka X moja tu, hakuna wino wa kidole. Mimi nilitoka shifti na yunifomu yangu, nikakunja karatasi mara mbili nikaidumbukiza, nikakaa kwenye benchi la nje kama dakika kumi hivi.

Vile vipeperushi usivitupe. Vyangu viko kwenye bahasha, droo ya jikoni, na cha mbunge aliyeshinda nimekipigia mstari kwenye ahadi tatu. Nimeshamwandikia barua pepe mara mbili kuhusu moja wapo, ya kwanza alijibu msaidizi wake, ya pili nasubiri.